Safari ya Kwanza ya Mama Tiketi

Miaka ishirini na sita Mama Tiketi alikaa kwenye kaunta ile ile, kiti cha pili kutoka mlangoni, katika ofisi ya kukatisha tiketi za ndege chini ya jengo la benki. Wateja walikuja na swali moja kwa sauti tofauti. Ni mbali kiasi gani? Tutakaa hewani muda gani? Naye hakuwa mtu wa kupapasa kompyuta. Aliinua kidevu, akatazama pembe ya dari kana kwamba jibu limebandikwa kule, akalitoa: kilomita kadhaa, saa kadhaa na dakika kadhaa, na kama upepo ni wa mbele ongeza kumi. Wenzake walimjaribu mpaka wakachoka. Hata meneja, ambaye kwa umri angeweza kuwa binti yake, alimwita Mama Tiketi, na jina lake la kuzaliwa likabaki kwenye vyeti tu.

Lakini yeye mwenyewe alikuwa hajawahi kupanda ndege hata siku moja. Kila mwaka mfanyakazi alipewa tiketi moja ya bure, aende atakako. Wenzake waliigombea fomu ile kama watoto. Yake alimpa mwingine, mwaka huu dereva, mwaka ule mfagizi aliyetaka kwenda kumwona mjukuu.

"Mama, unatuuzia dawa ambayo wewe mwenyewe huinywi," meneja alimtania.

"Mimi nikipaa, nani atabaki kuwaambia watu mnapaa kwenda wapi?" alijibu, na ofisi nzima ikacheka. Wote waliamini anaogopa.

Haikuwa woga. Kulikuwa na jiji moja tu duniani ambalo angekuwa na sababu ya kwenda, jiji kubwa la upande wa pili wa nchi. Kwa njia ya anga ni kilomita elfu moja mia moja na ishirini. Kwa barabara, elfu moja mia nne na sitini. Kwa ndege ni saa moja na dakika arobaini, kwa basi siku mbili. Mteja akiliulizia jiji hilo, Mama Tiketi hakutazama dari. Alitazama meza. Huko ndiko alikoishi mdogo wake wa kike wa tumbo moja, ambaye nyumbani walimwita Kitinda kwa kuwa ndiye aliyefunga uzazi wa mama yao. Walikuwa hawajasemezana kwa miaka kumi na miwili.

Ilianza siku ya kumzika mama yao. Mama alikufa nyumbani kwa Mama Tiketi, baada ya kuuguzwa humo miaka mitatu. Kitinda alipopigiwa simu alilia mpaka sauti ikakatika, kisha akasema neno moja: atakuja kesho na ndege ya asubuhi. Maziko yakapangwa saa nane mchana, ili afike, apumue, amuone mama yake.

Kesho yake saa nne ikapita, saa sita ikapita. Saa nane watu walikaa wakitazama barabara. Simu ya Kitinda haikupatikana. Ya Mama Tiketi ilikuwa imezimika ndani ya mkoba tangu usiku wa kuamkia siku ile, na katika pilikapilika za msiba hakuna aliyekumbuka kuichaji. Akawa anaazima simu za watu kupiga, lakini mtu aliyetaka kumpigia yeye asingempata. Saa kumi wajomba walimwendea. Wewe ndiye mkubwa, walimwambia, sema lolote. Aliuma meno akasema, "Tumzike." Wakamzika.

Kitinda alifika siku mbili baadaye, mchana, miguu imevimba, vumbi mpaka kwenye kope, amemshika mkono mtoto wake wa kike wa miaka sita. Alikuja kwa basi. Alipoambiwa mama ameshazikwa alisimama tu pale uani, mkoba begani.

"Hamkuningoja," alisema.

"Tulikungoja mpaka saa kumi," Mama Tiketi alimjibu. "Ulisema ndege ya asubuhi."

"Nilipanda, dada. Ndege ilirudi. Tulifika juu ya huku, haikuweza kutua, ikaturudisha."

Hapo ndipo Mama Tiketi aliposema maneno ambayo baadaye angetoa chochote kuyameza. Aliyasema mbele ya majirani, mbele ya wajomba, kwa sauti ile ile ya kaunta. "Usinidanganye mimi. Hii ndiyo kazi yangu. Ni saa moja na dakika arobaini, na kwa siku zipo ndege tatu. Aliyetaka kufika angefika."

Kitinda alimnywesha mtoto maji, akaomba aonyeshwe kaburi, akakaa huko mpaka jua likazama. Kesho yake alirudi kituo cha mabasi. Hakuna aliyemsindikiza.

Baada ya wiki tano hivi, mwanamume mmoja mwenye suti iliyompwaya alikuja kaunta akiomba barua. Mwajiri wake hakuamini kwamba mwezi uliopita alichelewa kazini kwa sababu ya ndege. Mama Tiketi akachomoa jalada la taarifa za safari, akaanza kufunua karatasi kutafuta tarehe. Aliipata. Ilikuwa tarehe waliyomzika mama.

Ndege ya asubuhi: imeshindwa kutua kwa sababu ya ukungu mzito juu ya uwanja wa ndege, imerudi ilikotoka. Ndege ya mchana: imefutwa. Ndege ya jioni: imefutwa.

Nyuma yake palikuwa na orodha ya abiria. Jina la mdogo wake lilikuwa la saba kutoka juu, na chini yake la mtoto.

"Vipi, mama, umeipata?" mwanamume aliuliza.

"Nimeipata."

Alimwandikia barua nzuri, iliyonyooka, akaigonga muhuri mara mbili ili mwajiri asitie shaka. Mtu yule alimshukuru sana. Mama Tiketi alikwenda chooni, akafungua bomba, akakaa humo hadi mwenzake alipokuja kubisha hodi.

Sasa mtu atauliza, kwa nini hakupiga simu siku ile ile? Alikusudia. Jioni aliishika simu, akaona atapiga kesho, akili ikitulia. Kesho akaona aandike barua. Barua akaianza mara nne. Jambo dogo ukilichelewesha wiki linakuwa kubwa, na ukilichelewesha mwaka unahitaji kwanza kueleza huo mwaka. Ndivyo ilivyomtokea. Mwaka wa tatu aliijaza ile fomu ya tiketi ya bure kwa mkono wake, akaandika jina la jiji lile, akalikata kwa mstari, akampa fomu dereva. Aliposikia kwa watu kwamba mume wa Kitinda ameondoka na hajulikani alipo, alijiambia angalau sasa ana sababu ya kupiga. Hakupiga. Mume wa Mama Tiketi naye alipofariki, Kitinda alituma ujumbe wa mstari mmoja, pole dada, naye akakaa nao kwenye simu mpaka simu yenyewe ikaharibika.

Miaka ikaenda hivyo, hadi Jumatatu moja saa tatu asubuhi, ofisi imejaa watu, simu yake ikaita namba asiyoijua.

"Shikamoo, mama mkubwa."

Sauti ilikuwa ya msichana. Mama Tiketi alijua ni nani kabla hajaambiwa, maana hakuna mtu mwingine duniani ambaye angemwita hivyo.

"Marahaba, mwanangu."

"Mama amepata kiharusi. Leo siku ya nne. Mkono wa kulia na mguu havifanyi kazi, na hasemi. Sikukupigia mapema kwa sababu..." Msichana alianza upya. "Sikujua kama ungependa kupigiwa."

Mama Tiketi aliweka kalamu chini. Mteja aliyekuwa mbele yake, bibi mwenye miwani, aliona uso wake akasogea pembeni mwenyewe bila kuambiwa. Meneja alikuja mbio. Alielezwa kwa maneno machache. Meneja ndiye aliyekaa kwenye kiti cha pili kutoka mlangoni, akagonga vidole kwenye kompyuta, akamkatia Mama Tiketi tiketi.

"Ya saa saba mchana," alisema. "Una saa nne. Nenda kafungashe."

"Ni muda gani hewani?" Mama Tiketi aliuliza, kisha akajishika mdomo. Hakuna aliyecheka.

Ndani ya ndege alipewa kiti cha dirishani, karibu na mzee mmoja fundi bomba aliyekuwa akienda kumtembelea mwanawe. Kufunga mkanda alijua, kwa kuwa aliona wengine wakifunga. Lakini ndege ilipoanza kukimbia alishika mkono wa kiti akakuta ameshika mkono wa mzee.

"Mara ya kwanza?" mzee aliuliza.

"Ya kwanza."

"Usijali. Mimi huwa nafumba macho nikijiambia niko kwenye lifti."

Rubani alisikika akiwakaribisha, akasema leo upepo ni mzuri, watakaa hewani saa moja na dakika thelathini na nane. Mama Tiketi alitazama chini. Alikuwa akiliuza anga hili kwa watu tangu ujanani na hakujua kwamba kutoka juu barabara huonekana nyembamba hivyo. Aliiona ile ya mabasi, ikizunguka milima, ikipotea, ikitokea tena mbali. Alijaribu kuhesabu ni vituo vingapi mwanamke na mtoto wa miaka sita wangeshuka kunyoosha miguu katika barabara ile, akashindwa. Wahudumu walipita na vinywaji; alikuwa hajamaliza kikombe chake cha chai waliporudi kukusanya vikombe. Ndege ikainama, mabati ya nyumba yakang'aa, magurudumu yakagusa ardhi. Abiria walisimama wakachukua mizigo kama watu wanaoshuka ngazi za nyumbani kwao.

Yeye alibaki amekaa. Mzee alimwinamia. "Mama, tumefika."

"Tumefika tayari?"

"Tayari."

"Kumbe ni hivi tu," alisema, na machozi aliyokuwa ameyazuia tangu asubuhi yakamtoka kwa wingi, mbele ya watu. Mzee fundi bomba, asijue la kufanya, alimfungulia mkanda.

Binti wa Kitinda alimngoja nje, mrefu, amevaa viatu vya kazi za hospitali, kwani alikuwa akisomea uuguzi. Walisalimiana kwa mkono. Njiani ndani ya teksi walizungumzia dawa, daktari, namba ya wodi. Hakuna aliyegusa jingine.

Wodi ya wanawake ilikuwa na vitanda kumi na viwili, na Kitinda alikuwa cha mwisho, dirishani. Alikuwa amekonda. Upande mmoja wa mdomo ulikuwa umeshuka, lakini macho yalikuwa yale yale, ya mtu anayesikia kila kitu. Yalimtua dada yake usoni yakabaki hapo.

Mama Tiketi alikuwa amepanga aanze kwa salamu. Salamu haikutoka. Alisimama miguuni pa kitanda, mkoba bado begani.

"Ndege ilirudi," alisema. "Najua ilirudi. Niliona kwenye karatasi mwezi uliofuata. Jina lako lilikuwa la saba. Nimejua miaka yote hii, Kitinda, nikanyamaza."

Mgonjwa wa kitanda cha jirani aligeuka akatazama ukuta, kwa adabu. Kitinda alisogeza midomo, akakunja uso kama mtu anayenyanyua gunia, na neno likatoka, zima, wazi: "Hapana." Kisha naye akageuzia uso wake dirishani.

Binti alimshika mama yake mkubwa kiwiko, akamtoa nje ya wodi.

"Usilichukulie neno hilo vibaya," alisema. "Ndilo pekee lililobaki. Akitaka maji anasema hapana. Asipotaka anasema hapana. Daktari anasema ndani anajua anachotaka kusema, ila kinatoka hicho tu." Alivuta pumzi. "Lakini mimi naongea vizuri, mama mkubwa, na nina swali. Ulijua?"

"Nilijua."

"Mimi nilikuwemo kwenye ndege ile. Nilitapika, mama akanifuta kwa kitambaa chake cha kichwa. Tulikaa uwanjani mpaka jioni, wakituambia ngojeni, ngojeni, yeye akiazima simu za watu kukupigia, yake imeisha chaji. Kisha tukapanda basi. Kiti kimoja, amenipakata au nimelala miguuni pake, sikumbuki. Halafu nikasikia mtu mzima anamwita mama yangu mwongo." Hakupandisha sauti. "Nimekuita kwa sababu yeye ni mgonjwa. Si kwa sababu nyingine."

"Umefanya vyema kuniita," Mama Tiketi alisema. "Nionyeshe wanakochotea maji ya kuogeshea."

Siku mbili nzima Kitinda hakumtazama. Mama Tiketi alimwogesha, akamgeuza, akamlisha uji kijiko kwa kijiko, akamfuta upande wa mdomo usiohisi. Jioni alikwenda kulala nyumbani kwa Kitinda, vyumba viwili nyuma ya duka la vifaa vya umeme. Sebule ndiyo ilikuwa karakana: Kitinda alikuwa fundi wa kushona, na cherehani yake nyeusi ya miguu ilikaa katikati kama mwenye nyumba. Juu yake palikuwa na mkono wa gauni uliofika nusu, sindano ingali imezama kwenye kitambaa. Hakuna aliyekuwa amethubutu kuichomoa.

Siku ya tatu alikuwa akimwosha miguu.

"Maji ni ya moto sana?"

"Hapana."

"Ya baridi?"

"Hapana."

"Basi ni ya nini, ya Alhamisi?"

Kitinda alikuwa bado amegeukia dirisha. Mabega yake yakatikisika. Mama Tiketi aliogopa, akadhani ni kifafa, akanyanyuka kumwita muuguzi. Ndipo alipoona nusu ya mdomo inayofanya kazi imepanda juu. Mdogo wake alikuwa akicheka. Alicheka bila sauti, macho yakimwagika, na alipomaliza hakugeuza tena uso.

Meneja alimpa likizo ya mwezi, kisha wakapanga awe anafanya kazi wiki tatu na kwenda wiki moja. Ndivyo alivyoishi mwaka mzima na nusu. Wahudumu wa ndege walimzoea. Mmoja alimwekea kiti cha dirishani bila kuombwa. Kila alipokwenda alikuta neno jipya: maji, dirisha, bado, mwanangu. Binti wa Kitinda naye alilegea polepole. Kwanza aliacha kumwita "wewe mama mkubwa" kwa mkazo mkali kama pilipili. Kisha siku moja akamwomba amsikilize akikariri mafunzo yake ya mifupa, na Mama Tiketi, aliyekariri dunia nzima kwa kilomita, akajikuta anajua mifupa yote ya mguu.

Jumamosi moja asubuhi, Kitinda, aliyekwisha kuruhusiwa kurudi nyumbani, akiwa amekaa kitini karibu na mlango, dada yake alikuwa akimsuka. Kitinda aliinua mkono mzima akamshika kifundo cha mkono, chanuo likasimama. Alihangaika na neno muda mrefu. Mama Tiketi hakumsaidia; alikuwa ameshajifunza kungoja.

"Uli...chelewa," Kitinda alisema.

"Ndiyo," Mama Tiketi alijibu. "Nilichelewa sana."

Kitinda alikiachia kifundo, akainamisha kichwa mbele ili aendelee kusukwa. Hawakulizungumza tena jambo lile, wala hakuna aliyeona haja.

Kiharusi cha pili kilikuja mwezi wa tano uliofuata, mchana, wakiwa wote watatu nyumbani. Hakikumchukua muda. Binti alifanya yote aliyofundishwa, na alipoona haifai alikaa chini sakafuni akamwegemea mama yake mkubwa mapajani. Walimzika Kitinda kulekule alikoishi, kwa kuwa wateja wake na majirani wote walikuwa kule.

Binti alipata nafasi ya kazi katika hospitali ya jiji la Mama Tiketi, akaamua kuhamia kwake. Nguo na vyombo viligawiwa majirani. Cherehani ndiyo aliyokataa kuigawa. Kwa uzito wake na chuma chake, ndege haikuwa njia yake. Waliifunga kwa magunia na kamba, ikapakiwa kwenye lori la mizigo, wao wakatangulia.

Lori lilichukua siku sita. Kila jioni binti alipiga simu kwa dereva, na dereva akamtajia mji aliofika, wa mbali, kisha wa karibu kidogo. Siku ya sita asubuhi honi ililia barabarani. Wanaume wawili waliishusha cherehani na kuiingiza sebuleni. Kanyagio moja lilikuwa limepinda, na mkanda wa gurudumu umekatika.

"Inatengenezeka," dereva alisema, akijifuta jasho. "Kuna fundi nyuma ya soko. Mwambieni nimewaelekeza mimi."

Binti alifungua kamba, akaipangusa vumbi kwa upindo wa kanga, akatafuta mahali penye mwanga. Aliutoa ule mkono wa gauni ulioachwa nusu, akaomba uzi aumalizie kwa sindano wakati wakimngoja fundi. Mama Tiketi alikwenda kuutafuta.